Mashine Haizimwi

Mbodze alisimama kati ya swichi ya seva na meneja wake, Bwana Musyoka, akakunja mikono.

"Zima, uwashe," Musyoka alisema. "Ikikwama huwa tunazima. Leo kuna nini?"

"Leo sizimi."

Kilichokuwako ni Tsofa, karani mgeni. Tangu mvua za mwaka wa tisini na saba zianze, seva, yaani kompyuta kuu ya ofisi yao ya kutoa mizigo bandarini, pale Makupa, ilikuwa ikiganda kila mara, na madereva wa malori wakitukana chini ya dirisha. Musyoka alikwisha kumpata mkosaji: huyo Tsofa, eti vidole vyake vizito vinaharibu kompyuta. Jioni hiyo Tsofa angefukuzwa. Na mashine ikizimwa, dalili zote hufutika. Huwaka safi kama mtoto aliyenawishwa uso, likabaki neno la meneja tu. Mnyonge hana haki, watu husema, kisha hukaa wakatazama. Mbodze aliwachukia watazamaji kuliko wadhalimu wenyewe.

"Ukigusa kitu, utamfuata Tsofa."

"Basi tutashika njia pamoja." Akaketi mbele ya kibodi.

Akafungua skrini nyeusi ya amri, akaanza kuihoji seva ingali inakwenda. Imelemewa? La, imekaa bure. Nani anafanya kazi? Hakuna. Nani anangoja? Wote, Tsofa akiwa mmoja wao. Akauliza wanamngoja nani.

Programu yao ilikuwa na sharti: anayefungua sajili ya meli huishika peke yake hadi aifunge, wengine wakingoja. Na watu wa mji huu, ambao maji ya mfereji huwajia kwa msimu, wana mazoea yao: unapanga dumu kwenye foleni, unakwenda zako, nafasi ni yako. Mtu fulani alikuwa amepanga dumu ndani ya kompyuta. Alifungua sajili asubuhi, huenda ili mzigo wa jamaa yake usitanguliwe, akaiacha wazi.

Jibu likatokea. Mbodze alilisoma, akacheka kwa hasira. Ilikuwa skrini ya chumba cha meneja.

Musyoka alikuwa ameinama begani pake, naye alisoma.

"Zima," alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Mbodze, nakuomba."

Angeweza kuifungua sajili kwa amri moja, mambo yakaisha kimyakimya. Hakutaka yaishe kimyakimya. Alikigeuza kioo cha kompyuta kikaelekea ukumbini, kwa makarani.

"Tsofa, njoo utusomee hapa, kwa sauti."

Tsofa akasoma, pole pole, na makarani wakaacha vikombe vyao.

"Chumba ni chako, Bwana Musyoka," Mbodze alisema, "na funguo unazo wewe. Nenda ukaifunge sajili. Tunakungoja."

Musyoka akapita katikati ya meza, hakuna aliyemwepushia macho. Mlango ukafunguliwa. Punde skrini za makarani zikaanza kufanya kazi tena, moja baada ya nyingine.

Tsofa hakungoja kuambiwa abaki. Alivuta kiti chake, akaendelea na kazi.