Uso wa Simba

Mimi nina uso wa simba. Hilo silisemi mimi. Alilisema marehemu mama yangu siku nilipoteuliwa kuwa mwalimu mkuu, na mama yangu hakuwa mtu wa kusifia ovyo. Kwa hiyo mpwa wangu Hellen alipopata kazi ya kuchora kitabu cha wanyama na ndege wa mwituni kwa ajili ya watoto wa shule, sikuona haja ya kujadili nani angekuwa simba.

Maana Hellen ana namna yake ya kuchora. Amekulia nyumbani kwangu hapa Mkolani tangu dada yangu alipofariki, na toka akiwa mdogo akitaka kuchora mnyama anaanza kwanza kutafuta mtu.

"Picha za wanyama zimejaa kwenye simu, mjomba," aliniambia. "Umbo ninalo. Ninachotafuta ni tabia. Nikimpata mtu anayesimama kitwiga, twiga wangu ataacha kuwa ngazi yenye madoa."

Wa kwanza kuchorwa alikuwa mke wangu, Suzana. Hellen alimwomba aketi ndani ya beseni kubwa la kufulia nyuma ya nyumba, akamchora kiboko. Nilipoiona ile picha nikajua leo nyumba inawaka moto. Suzana aliitazama, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kiboko ndiye mwenye ziwa," alisema. "Akijitokeza, hata mwenye mtumbwi mpya anampisha." Tangu siku hiyo akawa anapita jikoni ametanua mabega, nami nampisha.

Mimi sikungoja kuombwa, nilitangaza. Niliwaambia wanajumuiya baada ya sala. Nilimwambia kinyozi, ingawa kwake huwa naenda kwa mazungumzo tu kwa sababu kichwani sina cha kunyolewa. Nilivuka na kivuko mpaka Kamanga, nikaenda Sengerema kwa wakwe zangu kwa jambo jingine kabisa, na kabla chai haijapoa walikuwa wameshajua kwamba mkwe wao atatokea kitabuni akiwa simba.

"Na manyoya ya shingoni utayatoa wapi, shemeji?" akauliza Jonathan, mdogo wake Suzana. Nikamwacha, maana mashemeji ndiyo kazi yao.

Nyuma ya nyumba yetu kuna jabali, kama zilivyo nyumba nyingi za huku, na siku ya kuchorwa nilipanda juu yake asubuhi nimejifunga sweta la kahawia shingoni. Suala la manyoya likawa limekwisha. Nikapiga magoti, nikaweka viganja chini, nikatazama mbali. Hellen alikaa kwenye kigoda na ubao wake wa kuchorea mapajani.

"Kuwa simba, mjomba."

Nikanguruma. Nilitoa ile sauti iliyokuwa ikinyamazisha shule nzima, wakiwemo walimu. Kuku walikimbilia uani kwa watu, na jirani yetu Luhende akatokea kwenye kona ya nyumba yake akiwa na fimbo mkononi.

Luhende inabidi nimweleze kidogo. Ana ng'ombe kwao Misungwi wanaochungwa na wengine, ana shamba linalolimwa na wengine, na ana mke, Odeta, anayetoka alfajiri kwenda kuuza dagaa sokoni. Kazi yake yeye ni kuamka, na hata hiyo haifanyi mapema.

"Mwangaluka, Mwalimu," alisalimia kwa Kisukuma chake. "Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Ninachorwa."

"Pole sana," alisema, akaweka fimbo chini. Akapanda jabalini taratibu, akalipapasa kwa kiganja kuona kama limeshika joto, akajinyoosha upande wa pili wa jiwe na kufumba macho.

Niliendelea na kazi yangu. Nilinguruma kuelekea mashariki, nikanguruma kuelekea ziwani. Baada ya muda Odeta akarudi na kapu lake kichwani, akapika, akamletea mumewe sahani ya ugali na sato pale pale juu ya jiwe. Luhende akainua kichwa na kula kwanza, peke yake, bila haraka, akaacha mkia na mifupa. Kisha akapiga mwayo mrefu hadi nikaona jino lake la mwisho, akajilaza tena. Nilipogeuka kumtazama Hellen nikakuta kigoda kimehama. Nilikuwa nanguruma kwenye sikio lake la kushoto.

"Hellen, simba yuko huku."

"Nakuja, mjomba," alisema, penseli ikikimbia. Hakuja.

Nilishuka. Nikamwambia wazi kwamba simba ni mfalme, ni mamlaka, ni mtu wa kuheshimiwa, na yule pale hajawahi kuongoza hata kikao cha mtaa.

"Lakini ndivyo simba dume anavyoishi, mjomba. Majike ndio wanaowinda. Yeye analala, akiamka anakula kwanza, halafu analala tena."

"Simba mwenda pole ndiye mla nyama," alisema Luhende bila kufumbua macho.

"Wewe huendi kabisa," nikamjibu, nikaingia ndani na sweta langu.

Sikukata tamaa. Wanyama wa heshima bado walikuwapo: tembo, chui, hata nyati mzee anayejitenga. Na moyo wangu ulipata nguvu nilipoona Hellen ameanza kunifuata. Kila asubuhi huwa navaa koti langu jeusi, lile refu, nafunga mikono mgongoni na kuzunguka mtaa. Nimestaafu mwaka juzi, lakini mtu aliyeongoza shule hawezi kupita takataka akaiacha. Nikiona gamba la muwa au mfuko wa maandazi, nasimama, nautazama kwanza ili nijue umetoka nyumba gani, halafu nauokota. Hellen alinifuata kwa nyuma akichora. Nikadhani ni tembo, kwa hiyo nikaanza kuweka miguu chini kwa uzito. Magoti yaliniuma juma zima.

Picha niliikuta mezani, imeachwa ikauke rangi. Hakuwa tembo.

Alikuwa kongoti. Aliyewahi kufika mwaloni Kirumba anamjua: ni yule ndege mkubwa mwenye upara na mfuko wa ngozi shingoni, anayesimama kwenye majalala na minada ya samaki akisubiri matumbo. Huyu wa mezani alikuwa na mbawa nyeusi zilizofungwa nyuma kama mikono, miguu myembamba, shingo imeingia mabegani, na jicho moja limekodolea kitu kilichoanguka chini. Nilijua upara ule. Nimeuosha miaka mingi.

Suzana alikuja kuchungulia juu ya bega langu. "Baba Natha," alisema, "huyu ni wewe mtupu."

"Huyu ni ndege wa jalalani."

"Basi na wewe punguza kwenda jalalani."

Hellen alikuwa kwenye bomba anasafisha brashi. Nilimfuata nikamwambia maneno ambayo sasa siwezi kuyarudia yote. Nilimwambia nimemlea, nimemsomesha, na shukrani yake ni kunipeleka kwenye matumbo ya samaki. Niliumia kweli, sifanyi utani. Maisha yangu yote ya kazi, nilipopita watoto walisimama. Sasa kitabu kingeingia kwenye shule ile ile niliyoiongoza, na nikipita wangecheka. Mtu ana heshima moja tu, na ikishapotea haiokotwi.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Mjomba, umeitazama picha yote?"

"Nimeona upara. Umetosha."

"Ukisema nimtoe, nitamtoa leo hii," alisema. "Ila ujue katika kitabu kizima ndiye ninayempenda kuliko wote."

Ningeweza kusema mtoe. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini aliyasema yale akiwa ameinamia brashi zake, kwa sauti yake ya utotoni, na mimi sauti ile haijawahi kunishinda nguvu, inanishinda tu. "Fanya utakavyo," nilisema, nikaenda kulala bila kula.

Kitabu kilipotoka, kikazinduliwa kwenye shule yangu ya zamani. Kutokwenda hakukuwezekana, kwa sababu kiboko alikuwa ameshonewa gauni jipya na alitaka kusindikizwa. Basi nikaweka mpango. Koti jeusi nikaliacha nyumbani. Nikavaa shati la maua ambalo Nathaniel, mwanangu, aliniletea kutoka Dar na ambalo nilikuwa nimeapa kutolivaa. Nikaazima kofia ya Luhende nikaishusha mpaka kwenye nyusi. Nikakaa benchi la nyuma kabisa, pembeni, na mikono nikaiweka magotini na kuiamuru ibaki pale. Shingo niliinyoosha mpaka Suzana akaniuliza kama nimelalia mto vibaya.

Mwalimu Bernadeta, aliyenirithi ofisi, alisimama mbele pamoja na Hellen, ambaye alikuwa amechapisha picha kubwa kubwa na kuzibandika ubaoni moja baada ya nyingine. Alipombandika simba, darasa lilipiga makofi. Simba mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha wageni, amelala, na Odeta akimsukuma kwa kiwiko. Alipobandikwa kiboko, Suzana alisimama akapunga mkono kwa watu wote.

Kisha akabandikwa kongoti. Watoto waliucheka upara. Waliucheka mfuko wa shingoni. Mmoja akasema kwa sauti, "Huyu anafanana na mtu," na wa jirani yake akasema, "Ndiyo, hata mimi namjua, ila nimemsahau." Mwalimu Bernadeta alishikwa na kikohozi, akatazama dirishani. Mimi sikupepesa macho. Hellen akashika picha iliyofuata, pundamilia, na macho yote yakahamia huko. Nilikuwa nimeokoka.

Hapo ndipo upepo wa mlangoni ulipoleta karatasi ya biskuti.

Ilikuja ikiteleza sakafuni, ikasimama katikati ya safu za madawati. Nyekundu. Nilitazama dari. Nikatazama pundamilia, nikahesabu mistari yake. Nikajiambia, Revocatus, hiyo si yako, umestaafu, kuna zamu ya usafi. Karatasi ikapinduka ikaonyesha upande wake wa fedha. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeinama. Wakati wangu angeinama.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimeshafika kwenye njia ya katikati ya madawati, natembea, na mikono imejifunga yenyewe mgongoni. Nilifika kwenye karatasi. Nikasimama, nikainamisha kichwa upande, nikaitazama kwa jicho moja nijue imetoka dawati gani. Halafu nikainama nikaidaka.

Darasa likapasuka kwa kicheko. Walicheka watoto, walicheka wazazi, alicheka Mwalimu Bernadeta mpaka akakaa, na Luhende akaamka akauliza wanacheka nini. Nilinyanyua uso nikiwa nimekasirika, tayari kusema jambo, na ndipo nilipojikuta nimesimama hatua chache tu kutoka ubaoni, naitazama ile picha kwa ukaribu, yote, kwa mara ya kwanza.

Kulikuwa na mvua. Mistari myembamba ya penseli, imelazwa upande, ya mvua ya upepo. Na chini ya bawa la kushoto la yule ndege palikuwa na kinda. Mwili wote ulikuwa umefunikwa. Kilichochomoza ni kichwa na macho mawili makubwa.

Niliijua ile mvua. Ilitupiga ndani ya kivuko cha kutoka Kamanga, siku niliyokwenda kumchukua Hellen baada ya maziko ya mama yake. Alikuwa mdogo, na gauni lake lilikuwa limeshalowa. Nilifungua koti nikamwingiza ndani, na akavuka ghuba nzima hivyo, kichwa tu kikiwa nje. Mimi nilikuwa nakumbuka kwamba koti liliharibika siku ile nikalazimika kulipeleka kwa fundi. Yeye alikuwa amekumbuka kilichobaki.

Nilimtazama Hellen. Alikuwa ameshika pundamilia wake kichwa chini miguu juu, na machozi yanamtoka. Nikavua kofia ya Luhende, upara ukatoka hadharani, nikasimama pale kando ya ndege, wote wawili tunaonekana vizuri.

Kicheko kikaanza kupungua. Wale wakubwa wa madarasa ya juu, niliowafundisha mwenyewe, walitazama ubaoni, wakanitazama mimi, wakasimama. Wadogo wakasimama kwa kuwaona wakubwa.

"Shikamoo Mwalimu."

Sijui mpaka leo walikuwa wanamsalimia nani kati yetu. Nilijibu kwa niaba ya wote wawili.

"Marahaba. Kaeni."

Wakakaa. Nikaiinua juu ile karatasi ya biskuti kila mtu aione.

"Sasa," nikasema, "nani ametupa hii?"