Mahari ya Vichwa vya Treni

Mahari ya Tukuswiga ililetwa Jumamosi asubuhi ndani ya matenga ya nyanya. Shangazi Getruda alikuwa uani akipepeta mchele. Akavuta miguu wabebaji wapite, kisha akaendelea kupepeta. Matenga yalitua chini ya kamba ya kuanikia nguo. Ndani yake, juu ya majani makavu, vilikuwa vimelala vichwa vya treni vidogo vya kutosha kubebwa kwa mkono mmoja, vya kijani, vyekundu na vya buluu, na kimoja cheusi chenye doa jeupe kwenye paji la uso.

Walikuwa ng'ombe wa Mzee Masumbuko, Msukuma wa bonde la Momba, baba wa bwana harusi mtarajiwa. Kiangazi kilichopita aliwalaza kando ya reli, na kulipopambazuka akawakuta wamegeuka kuwa hivyo. Hakuna aliyepungua. Bwana mifugo aliitwa, akawachanja chanjo ya homa ya mapafu kama kila mwaka, akamwambia Masumbuko ashukuru, kwani sasa watakula kidogo na hawataingia mashamba ya watu. Masumbuko akashukuru. Tangu siku hiyo hajagombana na mkulima hata mmoja.

Tukuswiga alikuwa jikoni akimenya ndizi na kuchungulia sebuleni. Alikuwa na jambo moja tu moyoni. Alikuwa amesikia kwamba Nkwabi, huyo anayetaka kumwoa, ana nyumba nyingine nyuma ya maegesho ya malori, yenye mwanamke na watoto. Alimuuliza Nkwabi, Nkwabi akacheka, akamnunulia soda. Alimuuliza baba yake, baba akasema mambo ya namna hiyo huangaliwa siku ya mahari, ndiyo maana Mungu akaweka wazee. Basi siku ilikuwa imefika na wazee walikuwa wamejaa sebule nzima. Alichotaka ni mmoja wao afungue mdomo aulize.

Hakuna aliyeuliza. Mzee Gwakisa, baba yake, mtu wa Ikinga aliyezeekea hapa Chapwa, alikuwa na hofu nyingine kabisa, nayo ni kupunjwa. Ng'ombe wa kawaida yeye alikuwa anamjua. Angemshika nundu, angemfunua mdomo, angemtazama anavyotembea, akakuambia hata mama yake alikuwa wa namna gani.

"Lakini hawa wana taa," alisema. "Utamjuaje mgonjwa?"

Ndiyo maana alikuwa amemwita Andongwisye, binamu yake, mtaalamu wa treni. Andongwisye alitumia ujana wake wote kukaanga mayai kwenye behewa la chakula. Hakuna mwingine katika ukoo aliyewahi kukaa karibu na injini kiasi hicho. Alikuja amevaa koti la mvua, ingawa jua lilikuwa linawaka, akadai kiti cha mbele na kitambaa safi.

"Kwanza uzito," alisema, akakipima cha buluu kiganjani. "Kichwa chepesi ni plastiki tupu. Mlimani kitazungusha magurudumu papo hapo, kama baadhi ya watu ninaowafahamu."

Akapitisha kidole kwenye magurudumu, akakinusa. Alieleza kwamba uchafu wa magurudumu umeua treni nyingi kuliko ajali, na wazee wakatikisa vichwa kwa uchungu, ungedhani wamefiwa. Kisha akaviweka sakafuni kimoja kimoja. Kichwa kizuri, alisema, huondoka taratibu kama mtu mzima anayenyanyuka kwenye kigoda, na kibaya huruka. Cha kijani kikaruka, kikaangusha glasi.

"Huyo ana mimba," alisema Masumbuko.

Gwakisa akakigeuza juu chini, akatazama anapotazamaga ng'ombe, akakubali kwamba huenda. Cheusi, hata hivyo, kilimtia shaka. Rangi ilikuwa imebanduka na kilikuwa kinapumua kwa shida.

"Huyu ni mzee, bwana."

"Ng'ombe hazeeki maini," alijibu Masumbuko.

Wakakifunga kamba, wakakipa kreti ya soda kikavuta. Wakaongeza kiti. Baba mdogo Abrahamu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti hicho, hakuona sababu ya kushuka, na kichwa cheusi kikamvuta mpaka barazani na kumrudisha bila kumwaga kinywaji chake. Sebule ikapiga makofi. Muda huo wote Nkwabi alikuwa amekaa pembeni na suti mpya. Hakuna aliyemtazama, ila mara moja tu, alipoombwa akunje miguu kwa sababu alikuwa amekaa njiani mwa majaribio.

"Ubora tumeuona," alisema Andongwisye. "Sasa tuone kama ni vya kutegemewa. Treni inaweza kuwa nzuri kwa sura na isifike. Ya kutegemewa ni ile inayofika."

"Waacheni watoke," Shangazi Getruda alisema kutoka uani, bila kuinua macho kwenye ungo. "Mnyama anajua kwao."

Ilionekana busara. Vichwa vikawekwa getini, vikaachiwa. Vikashika njia kimoja nyuma ya kingine, vikateremka hadi barabara kuu, vikapita chini ya malori yaliyopanga foleni ya kuvuka mpaka. Dereva mmoja wa Zambia alikuwa akipika nshima, ugali wa kwao, kando ya tairi. Akasogeza jiko lake, akamsalimu mzee wa treni, "Mwapoleni, mudala," na Andongwisye, ambaye Kibemba hakijui, akamjibu kwamba kazi inaendelea vizuri. Wazee walifuata na fimbo zao, Nkwabi nyuma yao. Tukuswiga alifuata na aproni yake, ijapokuwa bibi harusi hatakiwi kuonekana kabla hajaitwa. Alitembea haraka, maana njia ile alikuwa ameshaelekezwa.

Nyuma ya maegesho ya malori kulikuwa na nyumba ya mlango wa buluu. Vichwa vikajipanga mbele ya mlango, vikapiga honi. Akatoka mwanamke na bakuli la pumba, jina lake Mwamvua, na nyuma yake watoto wawili wenye masikio ya Nkwabi. Mdogo akapiga kelele, "Baba!" akaikumbatia suruali mpya. Nkwabi akamnyanyua, kwa sababu mtoto alikuwa na matope.

Wazee wakaegemea fimbo zao wakatazama. Tukuswiga akashusha pumzi. Iliuma, tena iliuma zaidi kuliko alivyotarajia, lakini angalau sasa wameona kwa macho yao. Andongwisye akakohoa, akasogea mbele.

"Mama, hawa huja hapa mara kwa mara?"

"Kila siku," alisema Mwamvua.

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata mvua ikinyesha."

"Hawajawahi kupotea?"

Mwamvua akawatazama wageni wote, akamtazama Nkwabi, akamtazama msichana wa aproni. "Hawa? Hapana."

"Umesikia mwenyewe," Andongwisye alimwambia Gwakisa.

Ili kuondoa wasiwasi, vilibebwa hadi sokoni vikaachiwa huko. Vikafika mlango wa buluu. Vikaachiwa upande wa kanisani, vikafika. Gwakisa alikuwa anatabasamu sasa, kwa sababu mali ilikuwa mali.

"Na yeye apimwe," alisema Tukuswiga.

"Nani tena?"

"Nkwabi. Ng'ombe wake mmewapima wote, baba. Yeye mbona hamjampima?"

Wazee wakaona binti ana hoja, na Andongwisye alikuwa ameshaanza kuipenda kazi. Nkwabi akarudishwa hadi Chapwa, akasimamishwa getini kwa akina Tukuswiga, uso umeelekea nyumbani mwao, akaambiwa aende. Alijitahidi, asionewe. Alilegeza tai, akapiga hatua kadhaa kuelekea sebuleni. Kisha miguu ikageuka, ikamteremsha hadi barabara kuu, ikampitisha katikati ya malori hadi mlango wa buluu. Walimfunga macho kwa khanga wakarudia. Alifika bila kujikwaa.

"Nimekaa kwenye treni miaka yangu yote," alisema Andongwisye, "sijaona kitu kinachofika namna hii."

Masumbuko akampigapiga mwanawe mgongoni. Baba gani asingejivunia?

Waliporudi walikaa, Tukuswiga akaitwa rasmi kama desturi inavyotaka, akapigishwa magoti kwenye mkeka.

"Mwanetu," aliuliza Gwakisa, "wageni hawa unawafahamu? Tupokee mali yao?"

"Hapana," alisema Tukuswiga.

Wanawake wakapiga vigelegele. Binti anayekubali mara ya kwanza hajalelewa, ameokotwa. Akaulizwa tena.

"Hapana, baba. Ana mke, ana watoto. Mmetoka kwake sasa hivi."

Vigelegele vikazidi. Alipoulizwa mara ya mwisho alipaza sauti, akalia waziwazi, akapiga mkeka kwa ngumi, na macho ya Gwakisa yakajaa machozi.

"Ndaga, Mungu wangu," alishukuru. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

Shangazi Getruda hakupiga kigelegele. Alimwinamia kaka yake sikioni, akamwambia kwamba mtoto anakataa kweli. Gwakisa akamjibu kwa upole kwamba kreti ya soda ilikuwa imeshafunguliwa.

Vichwa vilijengewa zizi dogo la mbao. Kila alasiri vikitolewa kuota jua huondoka kwenda mlango wa buluu, na kwa kuwa Tukuswiga bado ni binti wa nyumbani, kazi ya kuvirudisha ni yake. Huenda na ndoo. Siku ya kwanza alimkuta Mwamvua ameketi kizingitini, akisafisha magurudumu ya kichwa cheusi kwa kitambaa na mafuta ya taa. Suti ya Nkwabi ilikuwa kambani, inakauka.

"Karibu, mdogo wangu," alisema Mwamvua, akampisha nafasi. "Nasikia ulikataa."

"Nilikataa, dada. Mpaka sauti ikakauka."

"Mimi nilikubali," alisema Mwamvua, "na hakuna mtu aliyekuja kuniuliza."

Tukuswiga akachukua kitambaa kingine. Walisafisha vyote, kwa sababu vumbi la malori ni baya, na cha kijani kilikuwa karibu kuzaa.

Harusi ilifungwa mwezi uliofuata. Nkwabi alifika kanisani, baada ya watu wenye nguvu kumbeba kutoka mlango wa buluu, na wazee wakapeana mikono. Mchungaji alimuuliza Tukuswiga kama anamkubali mwanamume huyu kuwa mume wake. Tukuswiga akajibu kama alivyojibu nyumbani, kwa sauti iliyofika hadi benchi la nyuma. Kanisa zima likasimama kumshangilia. Mchungaji, ambaye naye ana mabinti, akasubiri kwa furaha vigelegele vitulie, kisha akafungisha ndoa.