Wakaidi wa Mama Vigae

Mama Vigae alikuwa mwanamke mnene, mwenye magoti yanayolalamika na penseli iliyopachikwa nyuma ya sikio. Kazi yake ilikuwa kutandaza vigae kwenye mabafu ya watu, majiko na korido za maofisi. Ukimwona anaanza kazi ungedhani ana walakini, maana kabla ya kuchanganya saruji alisimama mlangoni akakikagua chumba kwa macho, huku midomo ikimchezacheza kwa hesabu.

"Mwacheni," mwenzake wa kazi, waliyemwita Mzee Pimamaji, aliwaambia vibarua wapya. "Anasalimiana na watu wake."

Watu wenyewe walikuwa namba, na nyumbani alikuwa na mtu wa kuzungumza naye habari zao: Kidoti, binti wa marehemu mdogo wake. Kidoti aliletwa kwake akiwa bado anang'oka meno ya utoto, na kwa majuma ya mwanzo hakufungua kinywa. Alikula alichopewa, akalala alipoambiwa, basi. Mama Vigae, ambaye hakuwahi kulea, alikuwa hajui aanzie wapi. Siku moja, kwa kukosa la kufanya, akamwaga sakafuni mfuko wa vigae vidogo vilivyobaki kutoka kazini, akaanza kuvipanga. Mtoto akasogea.

Walichukua vigae kumi na viwili, wakapata mstatili mzuri: safu tatu za vinne vinne. Wakavipanga upya, safu mbili za sita sita. Vikakubali. Kisha Mama Vigae akaongeza kimoja. Loo! Vikapangwa huku, vikapangwa kule, kila mara kimoja kinabaki nje kama mgeni aliyekosa kiti. Havikukubali ila mstari mmoja mrefu kuelekea mlangoni.

"Hawa wakaidi," Kidoti akasema.

Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza katika nyumba ile. Mama Vigae alijikaza asimrukie kwa furaha. Alijibu tu, kama vile wamekuwa wakiongea tangu asubuhi, "Kweli kabisa. Tuwatafute na ndugu zao."

Wakawatafuta kwa miaka. Waliwawinda kwenye milango ya nyumba, kwenye migongo ya wachezaji, kwenye kurasa za kalenda. Thelathini na saba alikuwa mkaidi mpole. Hamsini na moja alikuwa mnafiki, maana kwa sura ungeapa ni mkaidi, kumbe ni safu tatu za kumi na saba. Tisini na moja alikuwa mnafiki mkubwa zaidi, na siku walipomfichua kuwa ni saba mara kumi na tatu, Mama Vigae alicheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Mtoto alishazoea kumwita mama, na mama alishazoea kuitika.

Mchana mmoja Kidoti, sasa msichana wa madarasa ya juu, alirudi kutoka shuleni uso umemshuka. Mama Vigae siku hiyo alikuwa amewahi kutoka kazini, yuko mezani na kikombe cha chai.

"Mwalimu amefundisha wakaidi leo," Kidoti alisema.

"Haa! Kumbe na shuleni wanajulikana?"

"Wana jina lingine." Akakwaruza meza kwa ukucha. "Wanaitwa namba tasa. Wenzangu wakauliza tasa ni nini. Mwalimu akasema ni asiyezaa. Ndipo mmoja wa nyuma akasema, 'Kama mama yake Kidoti.' Darasa zima likacheka."

"Na mwalimu?"

"Alikasirika. Alimwambia aniombe radhi, akaniomba. Lakini lilishasemwa." Akausukuma kwa mguu ule mfuko wa vigae chini ya meza. "Mimi hizi namba sizitaki tena."

Mama Vigae aliinuka akaenda kuosha kikombe ambacho hakikuwa na uchafu. Alilijua neno lile. Wakwe zake walilitamka sebuleni, yeye akiwa jikoni, kwa sauti iliyopimwa imfikie, na ndoa yake haikukaa sana baada ya hapo. Alidhani likija tena litamkata pale pale. Ajabu ni kwamba kilichomuuma sasa hakikuwa neno. Kilikuwa ule mguu wa mtoto ukisukuma mfuko.

"Mimi nimeitwa hivyo," alisema bila kugeuka. "Tena na watu wazima."

"Ulifanyaje?"

"Nililia. Kisha nikachoka kulia, nikajifunza kukata vigae." Akajifuta mikono. "Ila kumi na tatu hajakukosea kitu, mwanangu."

Kidoti akaenda kuvua sare ya shule, na mama hakumlazimisha.

Jumamosi walikwenda pamoja kazini. Ilikuwa zahanati mpya, na kwenye ukuta wa mapokezi mwenye zahanati alitaka mraba au mstatili wa vigae vya buluu, ilimradi upendeze. Vilikuwapo thelathini. Mzee Pimamaji alivikabidhi kwa Kidoti. "Wewe mwenye macho, tupangie. Mimi nikipanga patakuwa kama meno yangu."

Kidoti alipiga magoti bila shauku. Alijaribu tano kwa sita. Alijaribu tatu kwa kumi. Mkono ukashika kazi, na akili ikafuata kwa mazoea. Ile sita akaipasua ikawa safu mbili za tatu tatu. Ile kumi akaipasua ikawa safu mbili za tano tano. Akavitazama vile vifungu sakafuni, akakunja uso.

"Mama. Thelathini ukiipasua hivi unafika kwenye mbili, tatu na tano. Ukiipasua vile, wale wale."

"Enhe?"

"Wote watatu wakaidi." Akachukua chaki, akaanza kuandika kwenye sakafu ya saruji. Ishirini na nane: mbili, mbili, saba. Sitini na sita: mbili, tatu, kumi na moja. Sauti ikaanza kupanda. "Nitajie yoyote!"

Mama Vigae aliweka mwiko chini. "Mnafiki mkubwa."

"Saba na kumi na tatu! Unaona? Kila ukipasua, mwisho unawakuta wao. Namba nyingine zote hizi zimetoka kwao!"

Mama Vigae alichuchumaa, magoti yakamlaani, akachukua chaki yake. Alijaribu mia. Alijaribu mia na arobaini na tatu, akidhani amepata pa kumnasa mtoto, akaambulia kumi na moja na kumi na tatu. Saruji kwenye beseni ikaanza kuganda, na Mzee Pimamaji akaguna, lakini hakuna aliyemsikia.

"Sasa kwa nini wakaitwa tasa?" Kidoti aliuliza. "Wakati ndio wamewazaa wenzao?"

"Aliyewapa jina aliangalia kwamba hawagawanyiki, akaishia hapo."

Kidoti alimtazama mama yake. "Basi hata wewe..."

"Mimi si namba," Mama Vigae alimkatiza, akicheka. "Namba hazina magoti. Niinue."

Akamwinua, na kabla hajamwachia mkono, mama akaubana mara moja kwa nguvu. Wote wawili walikuwa weupe kwa chaki.

Jumatatu Kidoti alinyoosha kidole darasani akaeleza. Mwalimu aliweka kitabu mezani akasema hilo ndilo lilikuwa somo la wiki ijayo, sasa yeye atafundisha nini? Darasa likacheka, safari hii kicheko kizuri. Wakati wa mapumziko yule wa nyuma alikuja akijifanya anapita tu, akauliza kama ni kweli tisini na moja inagawanyika. Kidoti alimwonyesha.

Jioni akamsimulia mama yote. "Ila mwalimu anasema moja haimo. Moja si namba tasa."

"Moja?" Mama Vigae akasitisha kumenya viazi. "Moja ndiye mkaidi kuliko wote! Umpange vipi?"

"Akiwamo, mama, hesabu ya kupasua haiishi. Utaweka moja, moja, moja hadi lini?"

"Huyo mwalimu wako amemwonea."

Wakabishana hadi viazi vikapikwa, vikaliwa. Kesho yake Mama Vigae aliomba ruhusa kazini, akavaa viatu vyake vizuri, akaenda kumwuliza mwalimu mwenyewe.