Mabega ya Nyati

Mwenye bucha mmoja aliyekuja kutembelea makumbusho yetu alibandika pua kwenye kioo cha kabati la mifupa ya nyati, akacheka. "Dada, mabega ya huyu nyati yamebadilishwa. La kulia liko kushoto. Ona, ukingo wa mfupa unatazama ndani badala ya nje."

Nilichemka. Miaka kumi na miwili shule zinapanga foleni mbele ya nyati yule, maprofesa wamepiga naye picha, halafu muuza nyama aje kunifundisha mifupa niliyoiunga kwa mikono yangu! Nikafungua kabati la kioo ili nimwoneshe kwamba anapiga porojo. Nikapapasa ukingo. Ulikuwa ndani. Aibu ilinishika mpaka masikioni.

Kesho yake asubuhi na mapema niliyarudisha mabega mahali pake, nikabandika kibao: "Tulikosea. Aliyetusahihisha ni mwenye bucha."

Mkurugenzi alikuja mbio, tai imemrukia begani. "Fundi, umerukwa na akili? Andika tu 'Kumefanyika marekebisho', yaishe."

"Yamefanywa na nani, bosi? Na upepo?"

"Hapa ni makumbusho. Watu wakijua tunakosea, nani atatuamini? Wanafunzi wanafika saa nne. Wakikikuta hicho kibao, wewe wasikukute."

Kazi hii naipenda, na sina nyingine. Lakini kuwadanganya watoto kwamba mifupa hujirekebisha yenyewe, hilo sikubali ng'o. Nikachukua kalamu nikafuta "Tulikosea". Mkurugenzi akashusha pumzi. Nikaandika "Nilikosea", kwa herufi kubwa zaidi, na chini yake: "Fundi wa mifupa."

"Wewe nimekutoa kwenye kosa," nikamwambia. "Mimi nabaki."

Saa nne ilipogonga, wanafunzi wakaingia. Msichana mmoja akasoma kibao, akanitazama juu mpaka chini.

"Fundi ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulijuaje kwamba umekosea?"

"Niliambiwa, nikabisha. Nikafungua kabati, nikapapasa mwenyewe."

Akafikiri kidogo, kisha akaenda kwenye kabati la pundamilia. Wenzake wakamfuata, pua zote kwenye kioo. Walimu wao walikuwa wamezoea kuwaona wakipita wakipiga miayo.

Msichana akamgeukia mkurugenzi. "Na huyu je, mna uhakika?"

Mkurugenzi akanitazama mimi. Nikamwekea funguo za makabati mkononi.

"Mjibu mtoto, bosi."