Kitovu cha Lozi

Nilirudi kutoka dukani Biashara Street miguu ikiniwaka moto, kwani tangu asubuhi nilikuwa nimesimama nikikunjua leso na kuzikunja tena, nikamkuta kaka yangu Ziad amekwisha kuhukumu. Lozi, paka wa bibi yetu, atoke kabla ya Ijumaa. Siku hiyo dada yetu Noor angeletwa na mtoto wake mchanga kukaa arobaini kwetu, na Lozi alikuwa na uvimbe tumboni, laini, kama zabibu. Ziad alisema ni ugonjwa, utamshika mtoto. Alikuwa amekwisha kumwambia Kazungu, mwenye mkokoteni, aje amchukue akamwache Makupa.

Bibi yetu, Bi Hafswa, hakumtetea. Tangu babu afariki hakuwa msemaji, na maneno machache aliyobakiwa nayo alimpa yule paka wa miezi minne. Alimkumbatia tu, akatazama ukuta.

Nilikuwa nimechoka, lakini sikuweza kunyamaza. Nikasema kile si ugonjwa, ni kitovu. Sikuwa na hakika hata chembe.

Ziad akacheka. "Paka ana kitovu? Basi kuku naye anacho, yakhe."

"Kuku katoka kwenye yai," nikamwambia. "Wewe ulitoka wapi?"

Mama akatunyamazisha sote. Mwishowe Ziad alikubali jambo moja: nikimpata mjuzi wa wanyama akasema ni kitovu na hakiambukizi, paka atabaki. Nisipompata, Kazungu aje.

Jioni ile nikazunguka Mji wa Kale nikiuliza swali ambalo kila mtu aliona ni la kichaa. Muuza samaki alinijibu kwamba amepasua matumbo miaka thelathini na hajaona kitovu. Thoya, muuza maziwa, alisema mwanambuzi huzaliwa na kamba inayoning'inia tumboni, hukauka ikadondoka, lakini habari za paka hazijui. Nikajaribu kumpindua paka mmoja wa msikitini nijionee mwenyewe, akanichana kiganja. Nililala nikiwa na hasira na mji mzima.

Thoya alikuwa amenielekeza Kizingo, kwa daktari wa wanyama, ambako mpwa wake Tsofa huosha mbwa wa matajiri. Alhamisi mchana nikaomba ruhusa dukani. Bibi mwenyewe ndiye aliyemtia Lozi kikapuni na kumfunika kwa kitambaa, akanikataza nisimfunue njiani. Nikaenda kwa miguu, jua la utosi. Katika barabara za Kizingo magari yalinipita, na mimi na kikapu changu kilicholia tulikuwa waenda kwa miguu pekee.

Daktari hakuwepo. Tsofa alikuwepo, mtu mfupi mwenye harufu ya dawa ya viroboto, na hakunicheka. Alimlaza chali mbwa mmoja mnene, akalowesha manyoya chini ya mbavu na kuyatenga kwa vidole viwili. Nikaona kovu jembamba, bapa, halina shimo wala nundu. Ungeweza kuishi na mbwa huyo miaka kumi usilione. Akasema mama ndiye anayeikata kamba kwa meno, kipande kilichobaki hukauka kwa siku chache, na manyoya hufunika mengine.

Kisha akamtoa Lozi kikapuni. Tumboni mwa paka palikuwa na utepe wa leso uliokazwa, ambao siku ya ugomvi haukuwapo, na ndani yake shilingi moja imekandamizwa juu ya uvimbe. Akaufungua taratibu. Utepe ulikuwa umekula ngozi, nyama nyekundu imetokeza.

"Ni kitovu kweli, kina ngiri, hakikufunga sawasawa," akasema. "Hakimwambukizi mtu. Daktari atakitazama akikua. Lakini hiki kidonda, ndugu yangu, ndicho kitakachomuua. Nani kamfunga?"

Nilimjua aliyemfunga. Bibi ndiye aliyetufunga sisi sote vitovu kwa namna hiyo hiyo, shilingi na utepe, mimi na Ziad na Noor na nusu ya watoto wa mtaa wetu. Na kesho angemfunga mtoto wa Noor.

Njia nzima ya kurudi nilitafuta namna ya kusema ushindi wangu bila kusema lile jingine. Sikuipata. Nilipofika, Ziad alikuwa barazani. Nikampa jibu la Tsofa, akainua mabega, akasema basi, atampitia Kazungu kumwambia asije. Nilikuwa nimengoja siku mbili kumwona ameshindwa, na sikuhisi kitu.

Nikaingia kwa Bibi, nikamwonyesha kidonda. Nikamwambia pole pole kwamba utepe umemkata, asimfunge tena.

Alikipapasa kwa ncha ya kidole. "Nilikaza sana," akasema. "Mato yangu hayaoni tena, na mikono haijui inavyokaza."

"Ni paka, Bibi. Ngozi yake si kama ya mtu."

"Usinidanganye, mwanangu. Mwambie Noor mtoto wake asiletwe kwangu kufungwa. Mwambie wewe, mimi siwezi."

Nikasema nitamwambia. Akaomba maji ya vuguvugu yenye chumvi. Nikamshika Lozi miguu, naye akamwosha, taratibu mno, akiniuliza kila mara kama anafika mahali penyewe.