Upau wa Nyota Uwanjani Mapera

Mwalimu Eunice alizaliwa Chiwanda, kwa Wanyasa wa ziwani, lakini miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kugombania kahawa ya Wamatengo, yeye alikuwa akifundisha fizikia katika shule ya Mapera, huko milimani. Siku moja mnadani Mbinga, katikati ya mitumba, alipata jarida la kigeni lenye picha ya galaksi: nyota zisizo na idadi, zimetandazwa bapa kama sahani, na katikati zimejipanga zikawa upau ulionyooka, kama wa paa la nyumba.

Darasani alieleza kwamba upau ule haukuwapo tangu mwanzo. Galaksi ikiwa changa huwa na vurugu, nyota zinakwenda ovyo. Ikishatulia, baada ya mabilioni ya miaka, nyota huvutana hadi zikajipanga. Wataalamu walikuwa wakitazama galaksi za mbali mno, ambazo mwanga wake uliondoka huko zamani sana, na kwenye hizo, zinazoonekana zingali changa, waliona pau kwa nadra. Galaksi yetu wenyewe inao upau.

"Nani anazipanga, Madam?" aliuliza Clemence, msichana asiyekubali jambo kirahisi.

"Hakuna. Zinavutana tu."

Darasa likacheka. Eunice hakukasirika. Kusema kweli, naye alikuwa akirudia maneno ya vitabu.

Kesho yake asubuhi akawatoa wanafunzi wa shule nzima uwanjani, chini ya kanisa, akaweka pipa katikati.

"Lizungukeni, wote upande mmoja. Ukiona wenzako wamejaa mahali, wasogelee kidogo, ila usisimame."

Kisha akamwamkia Padri Kilian wa kanisa lile, akamwomba ruhusa, wakapanda pamoja kwenye mnara wa kengele.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Wavulana walikimbia na kusukumana, vumbi likatimka.

"Mwalimu, hawa wanacheza," alisema Padri.

"Waache wachoke, Padri."

Wakachoka, wakaanza kutembea. Clemence na wenzake wakapunguza mwendo wakipiga soga. Waliokuwa nyuma wakawasogelea. Ng'ambo ya pipa nako kukajaa. Duara likarefuka. Eunice akashika ukuta. Mashati meupe yalikuwa yamefanya mstari mmoja mnene uliopita penye pipa, na mstari wote ulikuwa ukigeuka polepole, kama mkono wa saa. Kila mtoto alifuata njia yake, akikaribia pipa, akienda hadi nchani, akirudi. Hakuna aliyejua kilichokuwa kikitokea.

"Umewapanga lini?" Padri aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sijawapanga, Padri."

Padri akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Eunice aliwaza jua hili, na milima hii ya kahawa, na ziwa la kwao, vyote vikizungushwa katika sahani ile kubwa, na katikati yake upau uliojijenga kabla hajazaliwa mtu wa kuushangaa.

Aliposhuka, Clemence alimkimbilia akitweta.

"Imetokea, Madam? Sisi hatujaona kitu!"

"Panda ukaone. Mimi nitazunguka badala yako."

Eunice akavua viatu, akaingia kati ya watoto, akaanza kutembea. Mbele yake aliona migongo tu, na vumbi. Alizunguka hivyo kwa muda, bila kujua yuko wapi katika umbo lile, mpaka kutoka mnarani sauti ya Clemence ikapasua anga:

"Jamani, msisimame! Msisimame!"