Fidelis na Huzuni Yangu

Fidelis, mwalimu mwenzangu, alikuwa hajui kuandika hadithi, tena hajui kabisa. Mwaka ule magazeti mapya ya watu binafsi yalikuwa yanamiminika kutoka Dar, na kila mwalimu pale Lindi anataka jina lake litoke. Akaniletea hadithi yake ya kurasa tatu. Nikahesabu neno "huzuni" mara kumi na moja.

"Sasa Mwalimu Devota, msomaji atajuaje kama mtu ana huzuni?"

"Usiitaje. Mpe kitu cha kushika."

Hakuelewa. Kwa ujinga wangu nikampa mfano, jambo ambalo hata mume wangu Leonard nilikuwa sijamwambia. Binti yetu Getrude alipofariki, siku ya kuondoa matanga nguo zake ziligawiwa zote, ndivyo tulivyokubaliana. Mimi nikaficha gauni moja. Kila Jumamosi Leonard akienda shamba, nalifua, nalianika, nalikunja kabla hajarudi.

"Hapo huzuni hujaitaja hata mara moja," Fidelis akasema.

Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yenyewe, na habari hiyo ifie hapohapo. Akaapa.

Mwezi wa nne ikatoka gazetini. Gauni, Jumamosi, mume shambani, nyumba yetu ya Mitwero, vyote. Nikamfuata kwake Rasbura. Yeye anacheka.

"Mimi si mtani wako? Mtani anachukua bila kuomba."

Kweli, kwao milima ya Kilwa na kwetu Kilangala ni watani. Msibani Fidelis alimwigiza Getrude anavyotembea, watu wakacheka huku wanalia, nami nilimshukuru. Lakini msibani nilikuwepo. Hili kalifanya kisogoni kwangu, akaweka na jina lake juu. Nikamwambia mtu aliyeapa akavunja si mtani, ni msaliti, na asikanyage kwangu tena. Kicheko kikamkauka.

Nikarudi mbio nimwahi Leonard. Nikamkuta barazani, gazeti magotini. Nikaanza kumponda Fidelis: mwizi, mnafiki, kaniuza. Leonard akaniacha nimalize.

"Mwaka mzima nakuuliza kama unamkumbuka mtoto," akasema taratibu, "unaniambia nikaoge, maji yanapoa. Nikajua huna la kusema, nikakuonea huruma. Kumbe maneno unayo, mke wangu. Ukampa Fidelis."